Kibali cha Chumba cha Chini

Kwa miaka arobaini na mitatu shemeji yangu alijenga nyumba za watu bila kuchora mstari hata mmoja kwenye karatasi. Alichora chini. Alifika kiwanjani asubuhi na debe la chokaa, akamwuliza mwenye nyumba anataka nini, kisha akaanza kumwaga chokaa kidogo kidogo kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, na kabla jua halijawa kali nyumba nzima ilikuwa imelala pale ardhini, na milango yake na ukumbi wake. Hapo ndipo alipomwadhibu mwenye nyumba.

"Ingia," alimwambia. "Siyo hapo, bwana, hapo umepita ukutani. Pita mlangoni."

Mtu mzima na suti yake anainua mguu, anapita mlango ambao haupo.

"Haya, lala."

"Nilale wapi, fundi?"

"Chumbani kwako. Si ndipo kitakapokaa kitanda? Lala tuone kama miguu inabaki ndani."

Nimewaona watu na heshima zao, hata hakimu mmoja, wamelala chali kwenye udongo wakitazama mawingu, na yeye kasimama juu yao na debe lake anawauliza kama wametosha. Aliyesema hajatosha, mstari ulifutwa kwa mguu na kuchorwa upya. Wakishatosha, ndipo msingi unachimbwa.

Watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huitundika kujua kama ukuta umesimama wima, maana yeye hakuweka tofali mbili bila kuitundika. Mtaa wetu una nyumba thelathini na moja. Kumi na tisa ni za mkono wake, na yangu imo. Ukimwuliza habari ya kibali cha ujenzi alicheka. "Kibali ni ukuta wenyewe," alisema. "Ukisimama, umekubaliwa." Na siku zile kweli hakuna aliyekuja kuuliza. Ofisi ya mipango miji ilikuwa chumba kimoja, na karani wake alikuwa akishinda kinyozi.

Nyumba aliyojijengea mwenyewe ni ya ghorofa, nayo imepakana na yangu. Chini aliweka wapangaji, upande mmoja kinyozi aliyegeuza sebule kuwa duka lake, upande wa pili dereva wa lori na watu wake saba. Juu akakaa yeye na mkewe, ambaye ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Ngazi iko nje, vidato kumi na saba. Nimevipanda mara nyingi kiasi kwamba kwa uzee huu navihesabu kwa goti, siyo kwa akili.

Mwaka juzi, siku ya Jumanne, mdogo wangu alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala na mdomo ukaenda pembeni. Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakamrudisha na kiti cha magurudumu. Wanaume wanne walimbeba mpaka juu, kiti kikafuata nyuma kama mgeni asiyealikwa. Tangu siku hiyo alishuka mara mbili tu, kwenda kliniki, na mara ya pili mbebaji mmoja aliteleza kidato cha tisa. Hawakuanguka, lakini walisimama pale wote wanne wamekumbatia kiti, wanahema, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusogeza mguu. Walipomfikisha chini akasema kwa mdomo wake ule wa nusu, "Mkinirudisha juu, basi. Safari nyingine mtanishusha moja kwa moja."

Alimaanisha jeneza. Sisi tulicheka kabla hatujaelewa.

Msomaji ataniuliza kwa nini asingetolewa mpangaji mmoja. Kodi za wale wawili ndizo zilizoilisha nyumba ile tangu magoti ya Timazi yalipokataa kupanda jukwaa, na ndizo zilizomlipa mama wa kumnyoosha viungo mgonjwa. Tena choo cha chini ni cha kuchuchumaa, na kina kizingiti. Mtu wa kiti angefika mlangoni akabaki kuchungulia.

Palikuwa na nafasi kati ya nyumba yao na yangu, mahali tulipoanika nguo. Timazi akasema hapo atajenga chumba kimoja chenye choo cha kukaa, mlango mpana, na sakafu isiyo na kizingiti toka kitandani hadi uani. Mtaa mzima ulitegemea kesho yake tusikie sururu. Badala yake alikuja kwangu amevaa shati la Ijumaa.

"Shemeji, twende halmashauri."

"Kufanya nini?"

"Kuomba kibali."

Nilimwangalia kama mtu aliyeniambia ameacha kupumua.

"Usinitolee macho. Mwezi uliopita hapo nyuma wamevunja vyumba viwili vya mtu, na wenyewe ndani wanakunywa chai. Mimi ningekuwa peke yangu ningejenga. Lakini nikishamshusha yule, sitaki mtu aje amtoe." Akavuta pumzi. "Twende. Mimi macho yangu hayasomi tena, na msomi wa familia ni wewe."

Nina darasa la saba, lile la zamani, la kusimama mbele na kusoma kwa sauti. Nilivaa viatu.

Tulikaa benchi la pale tangu saa mbili hadi saa sita. Dirisha la nne alikuwa afisa mwanamke wa miwani, sauti yake imechoka kuliko sisi.

"Mzee wangu, mnajenga nini?"

"Sijengi. Naongeza chumba tu."

"Kuongeza ni kujenga."

"Mbona nilibadilisha bati nyumba nzima na hakuna aliyeniuliza?"

"Bati kwa bati hatuna neno. Kupaka rangi hatuna neno. Dirisha limeoza ukatia jingine palepale, hatuna neno. Lakini ukiongeza hata choo, ukipandisha ghorofa, ukigeuza sebule kuwa duka, hapo lazima tujuane."

Timazi akanitazama, akimkumbuka kinyozi wake. Mimi nikatazama dari.

"Eneo lenu ni la makazi," aliendelea afisa, "kwa hiyo chumba cha kulala kinaruhusiwa. Sharti kiache mita moja na nusu toka mpaka wa jirani. Ulete hati ya kiwanja, michoro nakala nne, risiti ya kodi ya jengo, na fomu ya majirani kuonyesha hawana pingamizi. Na kibali cha nyumba iliyopo."

Timazi akasogea karibu na dirisha.

"Hicho hakipo."

"Nani aliijenga?"

"Mimi."

"Basi mchoro wake utakuwa nao."

"Ulikuwepo. Niliuchora chini, tukaujengea juu."

Yule binti aliweka kalamu mezani. Nadhani alitaka kucheka, ila ilikuwa karibu na saa ya chakula na nyuma yetu kulikuwa na watu ishirini. "Mzee wangu," alisema polepole, "nyumba isiyo na kibali inahalalishwa kwanza. Tutafanya yote kwa faili moja. Lakini vipimo viwe vya kweli, maana wakaguzi watakuja na mashine."

Ndivyo tulivyoanza nenda-rudi. Sitaisimulia yote. Siku moja mtandao hakuna, siku nyingine afisa yuko likizo na aliyeachiwa ufunguo yuko msibani. Siku moja faili lilikuwa mezani, tunaliona kwa macho yetu, lakini mwenye kulifungua alikuwa semina. Tulijuana na wenzetu wa benchi mpaka tukaanza kuulizana habari za wajukuu. Timazi, mtu ambaye maisha yake yote alisimama, alijifunza kukaa. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," nilimwambia siku moja kumchangamsha. "Na mwenye magoti kama yangu?" akajibu. "Huyo uvungu umfuate."

Wakati huo mdogo wangu yuko juu. Kila tuliporudi alikuwa dirishani kwenye kiti chake, haulizi. Aliangalia tu mikono ya mumewe kama imebeba karatasi mpya.

Fomu ya majirani ilitaka sahihi tatu. Nyuma yetu anakaa mwalimu mstaafu. Yeye alisahihisha kwanza makosa mawili ya fomu, ndipo akatia sahihi. Jirani wa kushoto ni muuza vifaa vya ujenzi, tunamwita Misumari. Huyo alipoiona nembo ya halmashauri alirudisha mikono mifukoni.

"Hapana, mzee. Mimi na wewe hatuna ugomvi, lakini hilo sitii mkono."

"Kwani imeandikwa nini?" aliuliza Timazi.

"Hata sijui imeandikwa nini. Najua wanaotaka ni akina nani. Ukiwaita hao waje wapime kwako, watasema tumeshafika, hebu tutupe jicho na kwa Misumari. Na ghorofa yangu ile ulinijengea wewe mwenyewe, ukanilaza na chini. Kibali uliniambia ni ukuta wenyewe! Leo umeokoka?"

"Mke wangu hawezi kushuka," alisema Timazi.

"Najua, na ninamwombea. Jenga tu. Nani atakusema? Unamwaga mchele kwenye kuku wengi, halafu unatutaka tushike sinia."

Hapo nikaingia. Niliichukua fomu nikaisoma kwa sauti pale dukani, mbele ya wateja, neno kwa neno, kwamba mimi jirani wa kiwanja fulani sina pingamizi na ujenzi uliotajwa hapo juu. "Umesikia pahali wanauliza ghorofa yako?" nikamwambia. "Aliye na hofu ni mwenye la kuficha. Mimi hapa natia sahihi yangu mchana kweupe, maana ukuta wangu haujagusa cha mtu."

Maneno hayo niliyasema kwa sauti, na leo nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe.

"Haya, Bi Mkubwa, umeshinda," alisema Misumari. "Lete kalamu. Wakinivunjia nitahamia kwako."

Sahihi zikatimia. Ikabaki michoro, nayo ilihitaji mchoraji aliyesajiliwa. Alikuja kijana mmoja mpole na kompyuta mgongoni na kile kifaa cha kupima urefu kwa mwanga mkononi. Kabla yake, asubuhi ileile, Timazi alikuwa ameshalichukua debe lake la chokaa. Hakuweza kuacha. Alikichora chumba pale uani, akaniita.

"Mwenye chumba hawezi kushuka kulala. Lala wewe kwa niaba yake, mna kimo kimoja."

Nililala. Miguu ilibaki ndani. Nikainuka kwa shida, tukaweka kiti cha jikoni mahali pa kiti chake, tukapima nafasi ya magurudumu kwa kanda, nami nikakisukuma toka kitandani kwenda chooni. Kikagonga mstari. Nikakirudisha, nikakigeuza, kikagonga upande wa pili.

"Hapa hageuki," nilimwambia.

"Atazoea."

"Fundi, hageuki! Akiingia chooni atatoka kinyumenyume kama gari la taka. Na mkono wenyewe ni mmoja. Mbona umekibana hivi?"

"Ni sheria. Mita moja na nusu toka mpakani." Hakunitazama. Alikuwa anajikung'uta chokaa ambayo ilikuwa imeshatoka.

Yule mchoraji alikuwa anatazama hati ya kiwanja na kipimo chake, mara hati, mara kipimo. "Mama," alisema, "samahani. Mzee ameniambia nipime toka ukuta wa jiko lako, kwamba ndio mpaka. Lakini hati inasema kiwanja chake kina mita kumi na tano na nusu. Mimi napata kumi na nne na tisini."

"Maana yake nini?"

"Sentimita sitini hazipo."

"Zimekwenda wapi?"

Kijana wa watu alikuwa na adabu, hakunyoosha kidole. Alitazama jiko langu tu. "Jiwe la mpaka nimelitafuta uani silioni. Kwa hesabu yangu liko chini ya sakafu yako, karibu na unapooshea vyombo. Na nikichora kama alivyosema mzee, mashine ya wakaguzi itaonyesha, na faili litarudi mwanzo. Nikichora mpaka wa kweli, jiko lako litakuwa ndani ya kiwanja chake, na hawatapitisha hadi liondoke."

Nilimgeukia Timazi. Mtu yule, ambaye ametukana mafundi wa mji mzima kwa sababu ya nusu kidole, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ulijua?"

"Shemeji, ni zamani."

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua. Nilichora mwenyewe."

Basi nikakumbuka, maana mimi sisahau, ila kuna mambo mtu hayatazami. Mwaka ule nilikuwa nimefiwa na mume wangu, nina watoto wanne, na nyumba ya marehemu imefika kwenye msingi. Timazi alikuja kuimalizia bila ujira. Alipochora jiko aliniambia niingie nizunguke kama ninapika. Nilikuwa na sufuria mkononi na mtoto mgongoni. Nikasema, nakumbuka nilivyosema, na machozi yalikuwa karibu kwa mambo mengine kabisa: "Hata jikoni sigeuki." Akaufuta mstari kwa mguu. Akauchora tena mbele kidogo. Nikageuka. Nikasema ahsante, nikaenda kupika.

Sikuuliza ile ardhi ya mbele ilikuwa ya nani. Jiko lile nililisifia miaka thelathini na mbili. Nimewasema watu mtaani kwa kusogeza uzio shubiri moja.

"Kwa nini usiniambie?" nilimwuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba uvunje jiko? Nilisema chumba kipungue, basi. Yeye ni mwembamba siku hizi."

Nilikwenda ndani nikafunga mlango. Siku tatu sikumsemesha mtu. Kusema kweli sikuwa nimemkasirikia yeye. Nilikuwa nimechoka, uchovu wa kugundua kitu ambacho utapaswa kukifanya, na wewe ni mzee. Nilikaa jikoni nikaangalia ukuta ule. Rafu zake alizitia marehemu kaka yangu. Kwenye fremu ya dirisha kuna alama za visu za watoto wangu kupimana urefu. Moshi wa miaka umeupaka rangi ambayo huwezi kuinunua. Nikajiambia wakaguzi huenda wasione. Nikajiambia huenda kiti kingine chembamba kinapatikana. Kutoka pale jikoni nasikia kengele ya mdogo wangu juu, kengele ndogo ya mezani aliyopewa aite kwa mkono wa kushoto, na magoti ya Timazi yakiitika kidato kwa kidato.

Siku ya nne nilipanda. Nilipumzika cha tano, cha kumi na cha kumi na nne.

"Dada," alisema mdogo wangu. Maneno yake huyapata moja moja, kama mtu anayeokota punje. "Umenuna."

"Sijanuna."

"Umenuna. Fundi kaniambia." Akapumzika. "Mimi nilijua."

"Na wewe ulijua?"

"Siku ile nilikuja na uji wako. Nikamwona anafuta." Akacheka kwa upande mmoja. "Miaka thelathini na mbili unapika kwenye ardhi yangu. Hata sahani moja ya kodi hukuleta."

"Nimekulisha wewe tangu una meno mawili!"

"Hiyo tumefuta." Kisha akatazama mlango wa kutokea kwenye ngazi, ambao huachwa wazi kwa ajili ya hewa. Toka kitini pale huonekana mbingu tu na kipande cha nguzo ya umeme. "Dada, usivunje. Nimezoea hapa."

Mdogo wangu hajawahi kujua kudanganya. Tangu utotoni akidanganya hutazama pembeni, na sasa upande mmoja wa uso umelala lakini jicho bado lilitazama pembeni.

Nilishuka. Timazi alikuwa kwenye kidato cha chini kabisa.

"Lete nyundo," nilimwambia.

"Shemeji, fikiria."

"Nimefikiria siku tatu. Unadhani nilikuwa nafuma?"

Ukuta aliuvunja mwenyewe, ameketi kwenye stuli, tofali moja baada ya nyingine, na zilizotoka nzima alizipanga. Hakukubali msaidizi. Fremu ya dirisha aliitoa kwa patasi bila kuipasua, akaniletea mikononi. Jiwe la mpaka lilikuwa palepale aliposema mchoraji, limekaa salama chini ya sakafu yangu na namba yake. Misumari alikuja kulitazama. Alisimama muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyefika makumbusho.

"Kumbe haujagusa cha mtu," alisema.

"Sema yote umalize."

"Nimemaliza, Bi Mkubwa. Saruji utachukua kwangu kwa bei ya kununulia. Furaha niliyoipata leo inatosha."

Halafu ndipo tukajua la pili. Kuvunja ukuta na kuujenga mahali pengine nako ni kujenga. Nilisimama dirisha la nne na hati yangu, na yule binti wa miwani akainua kichwa.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi."

Alivua miwani akafuta macho. Akanipa fomu. Tukawa na mafaili mawili, la Timazi na la kwangu, na kila moja lilimsubiri mwenzake, kwa kuwa mpaka ni mmoja. Miezi mitano nilipika barazani nyuma ya bati mbili zilizofungwa kwa waya. Mvua ikinyesha nilipika na mwamvuli. Mdogo wangu aliniona toka juu na akapiga kengele yake mara mbili, maana yake ananicheka.

Kibali chake kilitoka Alhamisi, siku moja na changu. Karatasi moja tu, na mhuri umekaa upande. Timazi aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza mara tatu imeandikwa nini, na mara tatu nikamsomea. Kujenga kulimchukua wiki sita kwa magoti yale, na safari hii aliajiri waashi wawili, akawakalia kama homa. Chumba kikaisha, sakafu imelala kama maji, choo cha kukaa, chuma cha kushikia upande wa kushoto. Tukadhani tumefika.

"Hakikaliwi mpaka mkaguzi aje," walituambia.

Siku kumi na tisa chumba kilikaa tupu kimefagiliwa. Kitanda kimetandikwa. Mdogo wangu yuko juu, ngazi moja tu kati yake na mlango mpana. Dereva wa lori alisema tumshushe tu, nani atajua. Timazi akasema hapana. Nilimwona siku hizo ameisha, shati linamning'inia, lakini alisema hapana. Mkaguzi alipokuja hakutazama chumba hata dakika tano. Aliuliza shimo la maji taka, akapima mita zake moja na nusu, zikawa moja na hamsini na mbili, akaandika. Alipokuwa anaondoka alimwuliza Timazi, "Fundi wenu ni nani, mzee? Kazi nzuri." Timazi alisema fundi ameshastaafu.

Tulimshusha saa kumi jioni ile. Waliombeba ni kinyozi, dereva, Misumari na mwalimu mstaafu, ambaye alihesabu vidato kwa sauti. Timazi alitangulia kinyumenyume ameinua mikono, kana kwamba angeweza kumdaka. Walipomweka kitini mbele ya mlango, waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, wanashika viuno.

Aliingia mwenyewe. Mkono wa kushoto kwenye gurudumu, polepole, kitandani, chooni. Mle ndani akageuka mzima, akatoka uso mbele. Hakugonga kitu. Akaja dirishani, akatazama ukuta wangu mpya, ambao bado haujapigwa lipu na hati yake ya ukaguzi bado inasubiri sahihi ya mwisho.

"Jiko lako," alisema, "limekuwa dogo."

"Linatosha."

"Unageuka?"

"Nageuka nikiweka sufuria chini kwanza."

Nilisikia mkoromo nyuma yetu. Timazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda avue viatu, akavua kimoja, na pale pale akalala kwa ubavu, bahasha ya halmashauri imebanwa kwapani. Nilitaka kumwamsha, shuka zilikuwa mpya.

"Mwache," alisema mdogo wangu. "Mimi nimeshalala mwaka mzima."

Akageuza kiti kwa ule mkono mmoja, akapita mlangoni, akatoka nje peke yake.